Herufi Isiyochongwa kwenye Mwiko

Roccaverna,
Jumatano baada ya sherehe.

Kaka yangu mpendwa Oreste,

Kabla ya yote pokea salamu zangu na za nyumba nzima. Mgongo wako unaendeleaje na kazi hiyo ya kupiga magoti mchana kutwa ukipanga vigae kwenye sakafu za watu? Na wifi yangu Kirsty hajambo? Na Bruna wetu, ambaye kwenye picha ya mwisho alikuwa ameng'oka meno mawili ya mbele? Mwambie shangazi yake anauliza kama mapya yameshaota. Huku sisi ni wazima. Mume wangu Tullio anakusalimu, ameota kitambi na anamsingizia fundi nguo. Baba naye ni mzima isipokuwa bega la kulia, na bega hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, kama utakavyoona.

Najua utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu nimejaribu, kaka. Kila nikilikaribia jambo lenyewe unaniuliza kama mvua imenyesha, nami kwa woga wangu nakujibu kwamba imenyesha. Karatasi hainikatizi. Nakuomba usome kwa utaratibu, mstari kwa mstari, usirukie ukurasa wa mwisho kama ulivyokuwa ukifanya na vitabu vya shule.

Sherehe ya polenta mwaka huu imefana kuliko miaka yote ninayoikumbuka. Tangu Ijumaa mchana nyumba za magurudumu zilikuwa zimejaa hadi kwenye shamba la Bertone, na Jumapili yakaja mabasi sita, mawili kutoka Genova, na moja la Wajerumani waliovaa viatu vya kupandia milima kana kwamba polenta tunaipika kileleni. Zamani nilikuwa nikiwacheka hawa wanaozunguka nchi nzima kwa ajili ya matumbo yao, wiki hii vitunguu, wiki ijayo konokono, wiki inayofuata sijui chura. Wanazijua tarehe za sherehe zetu kuliko padri anavyozijua za watakatifu wake. Siku hizi nawastahi. Nilimwona mzee mmoja wa Genova akitia kijiko cha kwanza mdomoni, akafumba macho, akamshika mkewe mkono. Mtu anayesafiri saa nne kuja kula unga wa mahindi uliosongwa kwa maji na chumvi, kisha akala kwa adabu namna ile, huyo ni mtu wa kuheshimiwa.

Shangazi Pinota bado ndiye mkuu wa kimanda. Ana miaka themanini na mitatu, na hakuna aliyethubutu kumpokonya kikaango. Amevunja mayai elfu moja na mia mbili, vitunguu vilijaa mabeseni kumi na mbili, na samaki mkavu wa chumvi alilowekwa tangu Alhamisi, maji yakibadilishwa asubuhi na jioni. Binti mmoja wa Torino alimwuliza kwa upole kama polenta yetu ina kitu chochote kinachodhuru. Shangazi akamtazama juu hadi chini, akamwambia, mwanangu, ina mahindi tu, kinachodhuru hapa kijijini ni ndimi. Yule binti akacheka na kuandika kwenye kijitabu chake. Sisi tuliomfahamu Shangazi hatukucheka sana.

Sasa nije kwenye bega la Baba. Mwezi wa pili alikuwa akipogoa mizabibu, akateleza kwenye ngazi, akaangukia upande. Daktari alimwambia mkono ule hautainua tena kitu kizito kuliko glasi ya divai. Baba akajibu kwamba glasi inatosha kwa siku za kazi, lakini sherehe je? Wiki mbili baadaye aliingia kwenye mkutano wa kamati na kusema kwamba mwaka huu anaukabidhi mwiko, na anayekabidhiwa ni mimi.

Kisha Piero mwoka mikate akauliza kama kweli imefika mahali mwanamke asonge mbele ya mabasi ya wageni. Shangazi Pinota akamwambia, "Piero, siku unga utakapouliza aliyeushika ni mke au mume, niite nije nisikie." Basi ikapita. Wote wakanipongeza, wakanipiga mabegani. Kaka, nilipaswa kurukaruka kwa furaha. Nilitoka kwa mlango wa nyuma nikarudi nyumbani peke yangu.

Mwiko unaukumbuka vizuri. Mti wa mkastania, mrefu kumpita Baba, mpini umeng'aa kwa viganja vya watu waliokwisha kufa. Herufi G ya Babu Giacinto iko juu, E ya Baba iko chini yake, kila moja imechongwa kwa kisu siku mwenyewe alipogeuza sufuria yake ya kwanza na polenta ikasimama nzima ubaoni. Si kabla. Chini ya E pana nafasi ya vidole viwili ambayo imekaa wazi miaka ishirini na mmoja. Ilikuwa nafasi ya O, na kijiji kizima kinajua kwa nini haikuchongwa. Au kinadhani kinajua.

Sikukumbushi siku ile ili nikuumize. Ulikuwa na miaka ishirini na minne. Baba alikuwa amekupa mwiko, na mimi sijawahi kumwona mtu akisonga vile, kabla wala baada. Unga ulikuwa ukishuka kutoka ngumi yako kama manyunyu, bila donge hata moja, na wazee walikuwa wameacha karata zao kukutazama. Mlisonga saa nzima na robo. Kisha sufuria ikafunikwa kitambaa, ikaachwa itulie juu ya makaa, na ninyi wasongaji mkaenda kwenye ngazi za kanisa kuvaa mashati meupe na kubarikiwa. Mliporudi uliusimamisha mwiko katikati, na Salamu Maria tatu zikasemwa, nao haukuinama. Ukatoa amri. Wanaume sita wakavuta minyororo, sufuria ikalala, na polenta ikapasuka pembeni, ikamwagika juu ya ubao, ikateremka kati ya viatu vya wageni mpaka kwenye chemchemi ya uwanja. Mbwa wa Bertone ndiye peke yake aliyefurahi.

Baba alikuuliza mbele ya watu wote nani mwingine aligusa sufuria. Ukamjibu, "Hakuna, Baba. Ni mimi tu." Kuanzia saa ile ukawa Oreste Mchuzi. Kwa Piero ukienda kununua mkate, Mchuzi. Kanisani, Mchuzi. Hata watoto wa chekechea. Unajua majina ya hapa kwetu, mtu anazikwa nayo. Baba hakukutukana, afadhali angekutukana. Alikoma kukuangalia machoni. Zabibu zilipokwisha kuvunwa ukafunga mzigo ukaenda upande wa pili wa dunia, na tangu hapo unakuja kwenye mazishi tu.

Sasa nikueleze ya Ijumaa. Tulikuwa kumi na wawili jikoni tukimenya vitunguu, akaingia mama mmoja mwembamba, mvi zimekatwa fupi, miwani imening'inia kifuani. Anaitwa Mwalimu Ludovica, amestaafu ualimu huko Bergamo, na tangu mumewe afariki anazunguka kwenye sherehe za vyakula akiwa na daftari nene lililofungwa kwa mpira. Alisema aliwahi kuja kwetu mara moja, zamani, na angependa kusaidia. Shangazi Pinota aliposikia Bergamo akasema, aha, wale wanaodhani Mungu mwenyewe alijifunzia kwao kusonga polenta. Mwalimu akajibu kwamba hapana, Mungu alijua kidogo, wao walimrekebisha tu. Kuanzia hapo Shangazi akampenda, akampa kisu na kiti.

Tukamwuliza alikuja mwaka gani. Alipoutaja, visu vilipunguza mwendo. Akalifungua daftari bila kujua anafungua nini, akavaa miwani, akatusomea. Aliandika kwamba polenta ilimwagika uwanjani na watu wakapiga kelele, na kwamba kijana aliyesonga alisimama wima akiwa ameshika mwiko na hakumlaumu mtu. Kisha aliandika kwamba yeye alichukua kijiko akaonja ile iliyobaki ubaoni. Ya katikati ilikuwa kamilifu, hajawahi kuonja bora zaidi hata kwao. Ya pembeni ilikuwa na ladha ya unga uliostushwa.

Shangazi akamwuliza uliostushwa ndiyo nini. Mwalimu akavua miwani, akasema, "Maji ya baridi, mama. Yaliingia mwishoni kabisa, wakati wa kutulia. Kijana aliyesonga ile ya katikati hawezi kufanya jambo hilo hata akiwa usingizini. Ni mtu mwingine."

Shangazi Pinota alikishika kitunguu kimoja muda mrefu bila kukimenya. Mimi machozi yalinitoka, lakini nani anamshangaa mtu anayelia juu ya beseni la vitunguu? Nimejificha nyuma ya vitunguu vile mara nyingi katika maisha yangu.

Jumapili kulipambazuka pasipo wingu. Nilisonga pamoja na wenzangu watatu, Baba ameketi kwenye kiti cha majani akitutawala kwa kidevu tu, kidevu kushoto, kidevu kulia, punguza kuni. Mikono yangu iliwaka mpaka mabegani. Harufu ilipoanza kubadilika, ile ya mahindi yaliyokubali, uwanja mzima ulinyamaza taratibu, hata Wajerumani, na nikaona jinsi watu walivyonyoosha shingo zao kama wanaosubiri harusi itoke kanisani. Nilijisemea kwamba hakuna mahali pazuri kuliko hapa, na kwamba mimi sistahili kuwa katikati yake. Tukafunika kitambaa. Mlinzi wa makaa alikuwa binti wa Bertone, na niliona hakuondoa macho yake kwenye moto hata mara moja.

Tulirudi na mashati meupe. Padri amebariki, akodiani imenyamaza. Baba akasimama, akaushika mwiko kwa mkono wa kushoto. Akasema kwa sauti kwamba huu ni mwiko wa Giacinto, kisha ukawa wa Evasio, na leo ni wa Delfina. Watu wakapiga makofi. Nikamwona Mwalimu Ludovica mstari wa mbele na daftari lake, na Shangazi Pinota kando yake, kikaango mkononi, akinitazama. Hakunikonyeza, hakutikisa kichwa, alinitazama tu.

Kaka, hapa ndipo nilipokuwa nakupeleka. Siku ile mlinzi wa makaa nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na gauni la njano. Tullio alikuja akaniambia wimbo mmoja tu, na mimi nikaenda, nikacheza wimbo mmoja, halafu wa pili. Niliporudi, gogo nililolisahau lilikuwa limeshika moto, na harufu ya kuungua inatoka chini ya kitambaa. Nilishikwa na hofu. Nilichota ndoo ya maji kwenye chemchemi nikayamimina pembeni mwa sufuria, nikayachanganya kwa kijiti, nikafunika. Ya katikati sikuigusa, ndiyo maana mwiko ulisimama. Nilidhani nimeiokoa. Halafu Baba alipokuuliza nani mwingine aligusa, mimi nilikuwa hatua tatu nyuma yako, ndoo iko miguuni kwangu, pindo la gauni limelowa. Wewe uligeuka ukanitazama, ukaitazama ndoo. Kisha ukasema ni wewe tu.

Ulijua. Kwa miaka ishirini na mmoja nimejidanganya kwamba pengine hukujua. Mtu mzuri kama wewe simfahamu mwingine, na nilikuacha uondoke na jina langu mgongoni.

Basi nilimwambia Baba siwezi kuupokea. Alidhani naona haya, akausogeza mwiko karibu. Nikasema, na uwanja ulivyokuwa umetulia hata waliokuwa kwenye madirisha walisikia: "Baba, maji yale niliyamwaga mimi. Oreste hakukosea kitu. Nilinyamaza, naye akanibebea."

Baba hakusogea. Nilimwona akihesabu, nadhani, mazishi mawili, harusi yako ambayo hakuhudhuria, mjukuu ambaye hajamwona. Sijawahi kumwona akizeeka mbele ya macho yangu hivyo. Piero mwoka mikate alivua kofia, sijui kwa nini. Nilingoja nipigwe au nifukuzwe, na nilikuwa tayari kwa lolote.

Akasema, "Umesema. Sasa simamisha mwiko. Watu wana njaa."

Nikausimamisha. Salamu Maria tatu zikasemwa, na mwiko haukuinama. Nikatoa amri, minyororo ikalia, sufuria ikalala. Polenta ikatoka nzima, ya njano, inafuka mvuke, ikakaa juu ya ubao bila ufa hata mmoja. Unakumbuka mlio ule inapotua, ule mzito wa chini chini? Watu walipiga kelele mpaka njiwa wakahama mnara. Shangazi Pinota akaanza kugawa kimanda huku akiwafokea watu wapange mstari, na mashavu yake yamelowa, na hapo hakukuwa na kitunguu. Mwalimu Ludovica alipofika kwangu hakunipongeza wala kunilaumu. Alionja ya katikati, kisha ya pembeni, akaniambia tu kwamba zinafanana.

Baba hakula. Aliketi na sahani magotini mpaka ikapoa.

Jumatatu asubuhi nilienda kwa Piero kununua mkate. Duka limejaa. Akanipa mkate, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, habari za asubuhi, Delfina Mchuzi. Watu wakanitazama wasikie nitajibu nini. Nikaitika. Nikasema nzuri, Piero, na nyumbani kwako je? Oreste, hujui nilivyolibeba jina lile hadi nyumbani. Miaka yote sijawahi kutembea mwepesi hivyo kwenye mtaa ule.

Nilimkuta Baba jikoni, mwiko umelazwa mezani na kisu kando yake. Akaniambia, umegeuza, imesimama, desturi ni desturi, chonga. Nikamwambia nafasi ile ina mwenyewe. Akasema mwenyewe hajageuza iliyosimama. Nikamjibu kwamba ya katikati ilisimama, kuna ushahidi wa Bergamo. Nilidhani atakasirika. Akakichukua kisu, akakifuta kwenye suruali ingawa kilikuwa safi, akakirudisha kwenye droo. Mwiko akausimamisha nyuma ya mlango. Upo pale hadi sasa, na mimi sitachonga D mpaka pawe na O juu yake, hata kama itabidi nizikwe bila herufi.

Sikuombi unisamehe kwa barua, maana ni rahisi mno kwangu. Nakuomba uje useme lolote unalotaka kunisema, uwanjani, mbele ya watu, kama mimi nilivyosema. Na ukitaka kunisema jikoni peke yetu, napo ni sawa.

Mbusu Bruna kwenye pengo lake. Msalimie wifi yangu Kirsty, mwambie Shangazi Pinota anauliza kama huko wanakula samaki mkavu au wanaishi tu. Tullio anasema naye ana deni la nyimbo mbili. Ujitunze mgongo huo, tutauhitaji.

Mimi dada yako asiyekustahili,

Delfina

Nilikuwa nimeshaifunga bahasha jana, Baba akaiona mezani. Aliniuliza ni ya nani, nikamwambia. Akaomba ifunguliwe, akaomba na kalamu. Ameandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo soma polepole. Ni haya tu:

*Oreste. Sikuangalia ndoo. Nilikuangalia wewe tu. Mwakani, Jumapili ya pili baada ya Pasaka, sufuria ile ile. Njoo na mtoto. Kisu nimekinoa. Baba.*